Kuamka, Kupukutika na Kuuawa: Vitenzi vya Kiswahili katika Kueleza Uhai na Kifo cha Seli T za Kumbukumbu

IKISIRI

Makala haya yanachunguza namna Kiswahili kinavyoweza kueleza mambo mawili ya msingi katika taaluma ya kinga ya mwili: kuamshwa kwa seli T za kumbukumbu na kufa kwake. Hoja yetu ni kwamba uundaji wa istilahi katika uwanja huu haupaswi kuanza na nomino, kama ilivyo desturi, bali na vitenzi na minyambuliko yake. Kitenzi cha Kiswahili humlazimisha msemaji kuamua ni nani mtenda na ni nani mtendwa, na uamuzi huo ndio hasa unaotakiwa na sayansi yenyewe. Tunapendekeza kitenzi *pukutika* na mnyambuliko wake *pukutisha* vitumike kwa kifo cha seli kilichopangwa. Aidha, tunaonyesha kuwa uteuzi mbaya wa kitenzi unaweza kumpotosha mgonjwa anayetumia dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI.

1.0 UTANGULIZI

Miaka kadhaa iliyopita mwandishi wa makala haya aliombwa kuhariri kijitabu cha Kiswahili kilichokusudiwa watu wanaoishi na virusi vya UKIMWI. Sentensi mojawapo ilisema kwamba dawa "huvilaza virusi ndani ya seli". Sentensi hiyo haikuwa na kosa la kisarufi. Ilikuwa fupi, ilieleweka upesi, nasi tuliipitisha bila kusita. Kijitabu kiliposomwa kwa majaribio, msomaji mmoja aliuliza: "Kama vimelala, kwa nini niendelee kumeza dawa kila siku? Si nisubiri viamke?"

Swali hilo halikuwa la ujinga. Lilikuwa ni tokeo halali la kitenzi tulichokiteua. Mtu aliyelala hana madhara mpaka aamke, na akiamka huonekana. Msomaji alifuata mantiki ya lugha yake, na lugha ilimpeleka mahali ambapo sayansi haipo. Kosa lilikuwa letu, wala si lake.

Tangu kuundwa kwa Baraza la Kiswahili la Taifa mwaka 1967, na hasa baada ya Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili kutoa *Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia* mwaka 1990, mjadala wa istilahi za sayansi umeegemea zaidi nomino. Tumebishana kama tutohoe au tubuni, kama tuseme *seli* au *chembe hai*, *antijeni* au neno jingine la kwetu. Mijadala hiyo ina faida zake. Hata hivyo, nomino ni lebo ya kitu tu, ilhali taaluma ya kinga ya mwili inahusu matukio: nani alimwamsha nani, nani alimuua nani, na kwa kutumia nini. Matukio hubebwa na vitenzi. Ni kwa sababu hiyo makala haya yanaanzia huko.

2.0 SELI T ZA KUMBUKUMBU: MAELEZO MAFUPI

Kabla ya kuingia katika uchambuzi wa lugha, hatuna budi kueleza kwa ufupi jambo lenyewe lilivyo.

Seli T huzaliwa katika uboho wa mifupa na kukomaa katika thimasi, tezi iliyo kifuani nyuma ya mfupa wa kidari, ambayo kazi yake katika kinga ilibainishwa na Jacques Miller mwaka 1961. Kila seli T hubeba vipokezi vya namna moja, vinavyotambua kipande fulani cha protini kikiwa kimeshikwa na molekuli maalumu juu ya seli nyingine. Jambo hili la pili, yaani kwamba seli T haitambui kitu kigeni peke yake bali huhitaji kionyeshwe na seli ya mwili wenyewe, lilibainishwa na Peter Doherty na Rolf Zinkernagel mwaka 1974, nao wakapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1996.

Seli ambayo haijapata kukutana na antijeni yake inahitaji ishara mbili ili ianze kazi. Ya kwanza ni antijeni yenyewe. Ya pili hupitia kipokezi CD28, nayo huthibitisha kwamba kweli kuna hatari. Ishara zote mbili zikipatikana, seli hugawanyika mara nyingi, na katika muda wa siku chache kundi dogo mno huwa jeshi la maelfu kwa maelfu. Adui akishaondolewa, sehemu kubwa ya kundi hilo, takriban asilimia 90 hadi 95, hufa. Zile zinazobaki ndizo seli T za kumbukumbu.

Seli za kumbukumbu hazifanani zote. Mwaka 1999 Federica Sallusto, Antonio Lanzavecchia na wenzao walionyesha kwamba kwa binadamu yapo makundi mawili yanayotofautishwa na kipokezi CCR7. Lenye kipokezi hicho huzunguka katika tezi za limfu na huwa tayari kugawanyika upya. Lisilokuwa nacho huzunguka katika viungo vya mwili na huwa tayari kupambana papo hapo. Baadaye ilidhihirika kwamba lipo pia kundi linaloishi katika ngozi, mapafu na utumbo bila kurudi katika mzunguko wa damu.

Maisha ya kumbukumbu hiyo ni marefu. Daktari Peter Panum alipochunguza mlipuko wa surua katika visiwa vya Faroe mwaka 1846, aliona kwamba wazee waliougua katika mlipuko wa mwaka 1781 hawakuugua tena, ingawa miaka 65 ilikuwa imepita. Katika zama zetu, utafiti uliotolewa mwaka 2003 ulikuta seli T zinazotambua virusi vya chanjo ya ndui kwa watu waliochanjwa hadi miaka 75 kabla. Kundi la seli hizo lilikuwa likipungua kwa nusu katika kila miaka 8 hadi 15.

Msomaji wa Afrika Mashariki anao ushahidi wa jambo hili katika mkoba wake wa safari. Kadi ya chanjo ya homa ya manjano iliyokuwa ikiisha muda wake kila baada ya miaka 10 sasa ni ya maisha yote. Shirika la Afya Duniani lilikubali mwaka 2013 kwamba dozi moja yatosha, na kanuni za kimataifa zikabadilishwa kuanzia tarehe 11 Julai 2016. Kinga hiyo hutegemea sana kingamwili zilizomo katika damu, lakini seli T nazo zimo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 kuhusu watu waliopata chanjo hiyo ulionyesha kwamba seli za kumbukumbu hutokana na zile zilizogawanyika sana katika majuma mawili ya kwanza, na kwamba baadaye hugawanyika kwa nadra, pungufu ya mara moja kwa mwaka.

3.0 VITENZI VYA KUAMKA

Katika lugha za Ulaya istilahi moja hutumika kwa hatua zote za seli kuanza kazi. Mfasiri wa Kiswahili hukabiliwa na vitenzi visivyopungua vitatu: *chochea*, *zindua* na *amsha*. Vitenzi hivi havilingani kimaana.

*Kuchochea* ni kwa moto au ugomvi. Kinachochochewa tayari kinawaka au kipo tayari kuwaka. *Kuzindua* ni kumtoa mtu katika hali ya kutojitambua, na huhitaji nguvu kuliko kuamsha. *Kuamsha* ni kwa aliyelala ambaye hapo nyuma aliwahi kuwa macho. Tofauti hizi zinalingana vizuri na matukio yenyewe. Seli isiyopata kukutana na antijeni haijawahi kuwa macho, nayo huhitaji ishara mbili, hiyo *huzinduliwa*. Seli ya kumbukumbu imekwisha kuwa macho, haihitaji sana ishara ya pili, na baada ya saa kadhaa tu huanza kutoa saitokini, hiyo *huamshwa*. Tunapendekeza tofauti hii idumishwe.

Hapa yafaa tutahadharishe kuhusu kivumishi *-changa*, ambacho baadhi ya waandishi hukitumia kwa seli isiyopata kukutana na antijeni. Uchanga ni umri. Seli ya namna hiyo yaweza kuwa imeishi mwilini miaka mingi. Inachokosa ni tajiriba tu. *Seli T isiyozinduliwa* ni ndefu zaidi, lakini haidanganyi.

Tuangalie sasa minyambuliko:

(1) a. Seli ziliamka.
    b. Seli ziliamshwa na antijeni.
    c. Seli ziliamshwa na intalukini-15.

Sentensi (1a) haitaji mwamshaji. Katika mazungumzo ya kawaida haina dosari, lakini katika makala ya sayansi inaacha swali muhimu bila jibu. Sentensi (1b) na (1c) zinamtaja, na tofauti kati yake ni kubwa kuliko inavyoonekana. Katika (1b) seli imeitwa kwa jina lake: kipokezi chake kimekutana na kitu kile kile kilichokizindua zamani. Katika (1c) seli imeamka kwa sababu ya kelele za jirani. Mwili unapopambana na ugonjwa mmoja hujaa saitokini, na seli za kumbukumbu za magonjwa mengine, ambazo hazikuitwa, huamka pia.

Kuamka kwa kelele si jambo la kupuuzwa. Utafiti uliofanywa Korea Kusini na kuchapishwa mwaka 2018 ulionyesha kwamba kwa wagonjwa wa homa ya ini ya aina A, seli T za kumbukumbu zisizohusiana na virusi hivyo huamshwa na intalukini-15, na kuamka huko kunahusiana na kuumia kwa ini. Mwandishi anayeandika tu kwamba "seli ziliamka" anakuwa ameficha kiini cha ugonjwa. Kwa hiyo, kauli ya kutendwa pamoja na kiunganishi *na* kinachomtambulisha mtenda si pambo la mtindo. Ni sehemu ya maelezo ya kisayansi.

4.0 VITENZI VYA KUFA

4.1 Askari au majani?

Mafunzo ya afya katika Kiswahili yamezoea sitiari ya vita. Seli nyeupe za damu huitwa askari wa mwili. Vimelea ni maadui, na mara nyingi huitwa *wadudu* na kupewa upatanisho wa viumbe: *wadudu wanashambulia*. Sitiari hii inafaa katika kueleza mapambano. Inashindwa pale seli zinapokufa.

Askari hufa kwa kuuawa na adui, na jeshi lililopoteza asilimia 95 ya watu wake limeshindwa. Lakini katika kinga ya mwili kifo hicho hutokea baada ya ushindi, na ni dalili ya afya. Ushahidi wake unatokana na watoto wanaozaliwa na hitilafu katika jeni ya kipokezi kiitwacho Fas, hitilafu iliyobainishwa mwaka 1995. Seli T za watoto hao hazifi inavyopasa. Tezi zao za limfu huvimba, bandama hukua, na kinga yao huweza kuzishambulia seli zao wenyewe za damu. Kwa lugha ya askari, hawa ni watoto ambao jeshi lao limekataa kufa. Kwa nini basi wawe wagonjwa? Sitiari haina jibu.

Jibu tunalipata katika historia ya istilahi yenyewe. Mwaka 1972 John Kerr, Andrew Wyllie na Alastair Currie walieleza namna ya kifo cha seli ambamo seli husinyaa, hukatikakatika vipande vilivyofungwa vizuri, kisha humezwa na jirani zake bila kuleta uvimbe. Walihitaji jina. Walilipata kwa mtaalamu wa lugha: Profesa James Cormack wa Idara ya Kigiriki katika Chuo Kikuu cha Aberdeen aliwapendekezea neno la Kigiriki lenye maana ya kuanguka kwa majani kutoka mtini au petali kutoka katika ua. Ndilo neno ambalo sisi tumelitohoa kuwa *apoptosisi*.

Tulipolitohoa tulichukua sauti tukaiacha maana. Neno *apoptosisi* halimwambii chochote mwanafunzi wa Kiswahili, wakati lugha yake inacho kitenzi chenye maana ile ile: *pukutika*. Majani hupukutika. Mbuyu hupukutisha majani yake kiangazi, ukabaki matawi matupu, na hakuna anayesema kwamba mbuyu umekufa. Mti unaendelea kuishi, na kupukutika huko ni mojawapo ya njia zake za kuishi.

Yupo atakayepinga kwamba *pukutika* hutumika pia kwa watu kufa kwa wingi katika tauni au njaa, na kwamba katika miaka migumu ya UKIMWI tulilisikia neno hili misibani. Pingamizi hili lina uzito. Hatudai kwamba neno halina kumbukumbu chungu. Tunachosema ni kwamba maana ya msingi ni ile ya majani, kwamba wingi uliomo katika maana ya pili unaafikiana na tukio la seli nyingi kufa kwa pamoja, na kwamba neno litumike daima pamoja na *seli* mpaka litakapozoeleka. Katika mazungumzo na mgonjwa, mtoa huduma anaweza kuanza na majani kwanza, ndipo afike kwenye seli.

4.2 Kupukutika na kupukutishwa

Faida kubwa ya *pukutika* ni ya kimofolojia. Kiambishi *-ik-* cha kauli ya kutendeka hakikubali mtenda. Twaweza kusema *kikombe kimevunjika*, lakini hatuwezi kusema *\*kikombe kimevunjika na Juma*. Vivyo hivyo:

(2) a. Seli zilipukutika.
    b. *Seli zilipukutika na jirani zake.
    c. Seli zilipukutishwa na jirani zake.

Mfumo huu unalingana na njia mbili za kifo hicho zinazojulikana. Ya kwanza huanzia ndani. Adui anapoondoka, saitokini zilizokuwa zikiihifadhi seli hupungua. Ndani ya seli kuna protini za uhai, kama Bcl-2, na protini za kifo, kama Bim; ulinzi ukipungua, za kifo hushinda, mitokondria hutoboka, na vimeng'enya viitwavyo kaspasi huikatakata seli. Hapa hakuna muuaji wa nje. Seli *imepukutika*. Tukitaka kutaja sababu, Kiswahili kina muundo mwingine unaofaa: kama tusemavyo *kufa maji* na *kufa njaa*, tunaweza kusema kwamba seli *imekufa njaa ya saitokini*. Muundo huu huleta sababu bila kuifanya mtenda.

Njia ya pili huanzia nje. Seli T iliyoamshwa mara kwa mara huanza kusikia amri ya kipokezi Fas. Ligandi ya Fas, iliyo juu ya seli nyingine, ikikigusa kipokezi hicho, kaspasi huanza kazi. Hapa seli *imepukutishwa*, na mtenda anaweza kutajwa. Tena, Kiswahili hutenganisha mtenda na kifaa: *ameuawa na mwizi kwa kisu*. Kwa hiyo, kwa usahihi tutasema seli imepukutishwa *na* jirani yake *kwa* ligandi ya Fas. Molekuli ni kisu; mshika kisu ni seli.

Ni nani basi mshika kisu? Mwaka 1995 makala tatu zilizotoka pamoja katika jarida la *Nature* zilihusu swali hili hasa. Zilionyesha kwamba seli T iliyoamshwa upya hutengeneza ligandi na kipokezi kwa pamoja, na kwamba seli moja yaweza kujimaliza hata ikiwa haina jirani. Mfasiri anayetaka kueleza matokeo hayo hahitaji kubuni neno hata moja:

(3) a. Seli iliuawa (na nyingine).
    b. Seli ziliuana.
    c. Seli ilijiua.

Kiambishi *-an-* cha kutendana na kiambishi rejeshi *-ji-* vinabeba peke yake kile ambacho katika lugha nyingine huhitaji kishazi kizima. Hapa pia panaonekana uhusiano wa kuamka na kufa: kuamshwa kupita kiasi ndiko kunakoiandaa seli kufa. Kitu kile kile kilichoipa kazi ndicho kinachoiwekea mpaka. Seli za kumbukumbu huokoka kwa sababu, baada ya adui kuondoka, hubaki kimya na kuhifadhiwa na intalukini-7 na intalukini-15, bila kuhitaji antijeni.

4.3 Kulipuka

Si kila seli hufa kama jani. Ipo namna ya kifo ambamo seli hufura, utando wake hupasuka, na vilivyomo humwagika na kuwaita wengine kwenye moto. Wanasayansi wameiita kwa neno la Kigiriki lenye moto ndani yake. Tunapendekeza *kulipuka*.

Tofauti ya kupukutika na kulipuka ina uzito katika UKIMWI. Sentensi ya kawaida husema *virusi vinaua seli*. Mwaka 2014 watafiti wa Taasisi ya Gladstone, San Francisco, walionyesha kwamba katika tishu za limfu sehemu kubwa mno ya seli za CD4 zinazokufa, takriban asilimia 95, ni zile ambazo virusi viliingia lakini vikashindwa kuzaliana. Seli hizo hutambua vipande vya DNA ya virusi, kisha hulipuka zenyewe, na mlipuko wake huita seli nyingine zilizo hai kuja kuambukizwa. Virusi si mtenda wa moja kwa moja wa kila kifo. Ni kiini cha msururu wa vifo. Hata jina la ugonjwa halisaidii hapa. *Upungufu*, nomino iliyotokana na *pungua*, hutaja matokeo bila kutaja aliyepunguza wala namna alivyopunguza.

5.0 "VIRUSI VIMELALA"

Sasa tunaweza kurudi kwenye swali la yule msomaji. Tafiti za miaka ya 1995 hadi 1997 zilithibitisha kwamba virusi vya UKIMWI hujificha ndani ya seli T za CD4 za kumbukumbu zilizo katika mapumziko. Jeni za virusi huwa zimejiunga na jeni za seli. Dawa huzuia virusi visizaliane na kuingia seli mpya. Hazifuti kilichokwisha kuandikwa. Kwa watu wanaotumia dawa vizuri, hifadhi hiyo hupungua kwa nusu katika takriban miezi 44, na kwa mwendo huo kuimaliza kungechukua zaidi ya miaka 60. Isitoshe, seli hizo zinapogawanyika huvirithisha virusi kwa seli zinazozaliwa. Urefu wa maisha tuliousifu katika kadi ya homa ya manjano ndio huo huo unaovipa virusi maficho.

Kwa hiyo, katika sentensi *virusi vimelala* kiima kimekosewa. Aliyelala ni seli, si virusi. Na seli haisubiri ruhusa ya mgonjwa ili iamke: huamshwa wakati wowote, hapa moja na kule nyingine, kwa kuitwa jina au kwa kelele. Dawa ikiwapo, virusi vinavyotoka katika seli iliyoamka hukuta milango imefungwa. Dawa ikiachwa, kwa watu wengi virusi huonekana tena katika damu baada ya majuma machache. Sentensi ambayo ingemsaidia msomaji ni hii:

(4) Virusi vimejificha ndani ya seli zilizolala. Kila siku baadhi ya seli hizo huamshwa. Dawa ndiyo inayovizuia virusi vinavyotoka humo visiingie seli nyingine.

Sentensi hizi tatu ni ndefu kuliko ile moja tuliyoipitisha. Lakini ndani yake kila kitenzi kina mtenda wake halali, na sababu ya kumeza dawa kila siku imo katika sarufi yenyewe. Yafaa tukumbuke pia kwamba *kufubaza*, kitenzi kilichoenea Tanzania kwa dawa hizi, ni kutoa ung'avu wala si kuondoa. Ni uteuzi mzuri, kwani kilichofubaa bado kipo.

Wanasayansi wamejaribu njia ya kuamsha seli hizo makusudi ili zife pamoja na virusi vyake. Wahenga walituonya: ukimwamsha aliyelala, utalala wewe. Mwaka 2012 ilionyeshwa kwamba dawa iitwayo vorinostat huweza kuviamsha virusi ndani ya seli za wagonjwa. Hata hivyo, hifadhi haikupungua, na tafiti za maabara za mwaka huo huo zilionyesha kwamba seli iliyoamshwa haifi mpaka seli nyingine za kinga ziandaliwe kuiua. Kuamsha ni tendo moja na kuua ni tendo jingine. Lugha iliyovitenga vitenzi hivi ingetufanya tuulize mapema: ameamshwa, sawa, ni nani atakayemuua?

6.0 MAPENDEKEZO

Kutokana na uchambuzi huu tunapendekeza matumizi yafuatayo:

(a) *zindua*: kwa seli T inayokutana na antijeni mara ya kwanza;
(b) *amsha*: kwa seli ya kumbukumbu, na mwamshaji atajwe;
(c) *amshwa kwa kuitwa* na *amshwa kwa kelele*: kutenganisha kuamshwa na antijeni na kuamshwa na saitokini za jirani;
(d) *pukutika*: kifo kilichopangwa kinachoanzia ndani ya seli;
(e) *pukutisha, pukutishwa*: kifo hicho kinapoanzishwa kutoka nje;
(f) *uana* na *jiua*: kwa mujibu wa mshika kisu;
(g) *lipuka*: kifo chenye kupasuka na kuita uvimbe.

Nomino zitatokana na vitenzi hivi bila taabu: *mzinduo, mwamsho, mpukutiko, mlipuko*. Hatupendekezi *apoptosisi* ifutwe. Mtafiti anayesoma majarida ya nje anaihitaji. Tunapendekeza isitangulie. Mwanafunzi aelewe kwanza kupukutika, kisha aambiwe kwamba Wagiriki nao walilitazama jani lile lile.

7.0 HITIMISHO

Katika makala haya tumejaribu kuonyesha kwamba uwezo wa Kiswahili katika sayansi haupimwi kwa idadi ya nomino zake pekee. Unyambulishaji, ambao tumezoea kuufundisha kwa mifano ya Juma na kikombe, una uwezo wa kueleza nani aliamsha, nani aliua, na kifo kipi hakikuwa na muuaji. Uwezo huo una masharti: mwandishi ajue jambo lenyewe kabla ya kuteua kitenzi. Wataalamu wa lugha tunaoitwa kuhariri maandishi ya afya tumezoea kuuliza kama sentensi ni sanifu na kama inasomeka. Yatupasa tuulize pia kama ni kweli kwamba kiima hiki ndicho kilichotenda tendo hili. Tungeuliza hivyo siku ile, msomaji wetu asingelazimika kutuuliza yeye.